Munyiva Hakuwaacha Wenzake Mlimani

Wifi yangu Munyiva hakutoroka na chakula cha wenzake kule Mlima Kenya. Naanza na hilo kwa sababu hapa Masii limesemwa sokoni, limesemwa kwenye foleni ya kusagisha mahindi posho mill, na Jumapili mbili mfululizo limesemwa nyuma ya kanisa na watu niliowafundisha kusoma mimi mwenyewe. Wanasema wanawake watatu walikosa kufika kileleni kwa sababu wa nne aliwaacha na njaa. Wengine wanaongeza kwamba ndivyo ilivyo nyumba ya Wathome tangu mwenyewe azikwe. Wathome alikuwa mume wangu. Munyiva ni dada yake mdogo. Kwa uvumi huo Emily, mmoja wa hao watatu, alimwondoa Munyiva kwenye mapishi ya arusi ya binti yake. Kwa hiyo nitaeleza, mara moja.

Munyiva ana miaka hamsini na mmoja na ni mpishi wa shule ya bweni, wanafunzi mia sita, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hajaolewa, na hilo halimhusu mtu. Kukiwa na arusi au matanga upande huu, yeye ndiye husimama kati ya masufuria na mwiko mrefu akiwagawia wanawake kazi: wewe viazi, wewe maji, wewe toka hapo kwenye moshi, unakohoa juu ya chakula. Hata mke wa mchungaji hugawiwa kazi, naye huifanya. Munyiva huchota punje moja ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, akaibana kwa vidole viwili, akajua imebakiza dakika ngapi. Hana shamba lake, hana gari. Ana hilo jina la kwamba akipika, watu hula wakashiba.

Kutembea alianza kwa ajili ya presha. Carol, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameanzisha matembezi ya Jumamosi. Walipanda vilima vya Iveti, kisha Kilimambogo, wakarudi na picha. Mwaka huu Carol akasimama kanisani akatangaza kwamba mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, watapanda Mlima Kenya kwa siku tano na kushika bendera ya akina mama juu ya kilele cha Lenana. Kanisa zima lilipiga makofi.

Waliojiandikisha walikuwa wanne: Carol, Emily, Nduku na Munyiva, aliyepewa kazi ya chakula. Alitaka kubeba mchele na tambi. Mimi nikamwambia tambi ni chakula cha wanafunzi wa chuo, abebe muthokoi na maharagwe, watu wazima wale chakula cha watu wazima. Nilifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja. Nimewachorea watoto ubaoni, sijui mara ngapi, kwamba ukipanda juu sana maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha, na nafaka ngumu haiivi. Siku hiyo nilisahau kila kitu nilichofundisha. Kosa hilo ni langu. Mnaotafuta wa kulaumiwa kwa muthokoi mbichi, mlango wangu mnaujua.

Siku ya kwanza walilala kambi ya chini. Mtunza kambi alikuwa na sufuria ya presha, ile ya kifuniko cha kufunga kwa nguvu, na maharagwe yake yaliiva vizuri. Munyiva aliyaonja na kuyasifu. Siku ya pili walifika kambi ya juu, chini ya miamba. Saa nane mchana aliinjika muthokoi kwenye gesi. Saa kumi na mbili punje zilikuwa bado kama kokoto.

"Munyiva, hii ni ya kula ama ni ya kupanda?" Emily aliuliza.

"Ngoja kidogo."

"Tumengoja tangu saa nane. Hata mvua ya Masii haijawahi kutungojesha hivi."

Walicheka, wakala mkate na biskuti. Carol hakula. Kichwa kilikuwa kikimpasuka na alikuwa ametapika mara mbili nyuma ya mwamba. Nduku, waliyelala naye hema moja, alipomuuliza alisema ni maziwa ya chai tu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kupumzika ili miili izoee hewa, kisha wapande kileleni alfajiri ya siku ya nne. Kulipokucha Munyiva alienda kwenye hema la Carol.

"Kuna mpagazi anashuka sasa hivi," alimwambia. "Wacha niende na yeye nikapike kwa ile sufuria ya presha. Jioni kabla ya giza niko hapa na chakula."

"Na miguu utaweza?"

"Hiyo ni kazi ya miguu. Kazi ya mikono ndio imenishinda hapa."

"Haya, enda. Tutakungoja."

Nduku alikuwa ndani ya hema, amejifunika hadi kichwani. Alisikia kila neno.

Munyiva alishuka mwendo wa saa nne. Akapika. Akakihamishia chakula kwenye sufuria yake, akaifunga kwa leso mbili, akaibeba mgongoni kwa ukanda wa kichwani kama tunavyobeba kuni, akapanda tena na mpagazi yule yule. Saa kumi na moja jioni alifika kambini. Mahema hayakuwepo. Begi lake lilikuwa limesukumwa chini ya jiwe.

Saa tano asubuhi Carol alikuwa amewaambia Emily na mwongozaji kwamba Munyiva ameshindwa, ameamua kurudi nyumbani, na chakula ameenda nacho. Bila chakula hawawezi kupanda. Wakateremka upande wa pili wa mlima, ambako gari lilikuwa linawangoja. Nduku alikunja hema, akateremka nao.

Muthokoi ile ililiwa na wanafunzi wa chuo waliokuwa wamefika kambini jioni hiyo. Mmoja wao alimuuliza, "Mathe, umeivisha aje hii na sisi hata mayai yanatushinda?" Munyiva alilala kwenye kibanda cha walinzi, akashuka kesho yake, akafika nyumbani na sufuria tupu. Aliniambia wenzake lazima walikuwa na sababu. Wiki moja baadaye Emily alimtumia ujumbe kwamba arusi itapikwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoenda dukani kwa Carol.

"Mwalimu, karibu," alisema. "Nikupimie kitambaa?"

"Ulimwambia Munyiva mtamngoja. Kweli au uongo?"

"Mwalimu, mambo ya mlima yaachwe mlimani."

"Yako sokoni, Carol. Wewe ndiye uliyeyaleta."

Aliwatazama wateja wawili, akashusha sauti. "Nilikuwa naumwa. Unafikiri ningerudi niwaambie hao watu nini? Kwamba mwenyekiti ameshindwa na kichwa?"

Kuugua mlimani si aibu. Anayeugua ashuke, na angesema hivyo tungemchemshia uji. Lakini alichukua jina la mwanamke ambaye hana kingine, akafunikia kichwa chake.

Nilimfuata Nduku pia. Alilia, na sikumbembeleza. Alhamisi iliyofuata alisimama kwenye mkutano wa akina mama akasema alichokisikia. Emily alimgeukia Munyiva akamwomba arudi kwenye arusi.

"Nitarudi," Munyiva alisema, "lakini Carol aseme kwa mdomo wake. Siwezi kupikia watu wanaoniangalia mikono kama mwizi."

Carol alisimama. "Aliniambia anaenda kupika. Mimi ndio nilisema ametoroka."

Arusi ilikuwa Jumamosi. Munyiva alisimama kwenye masufuria yake, Carol alipewa vitunguu, akavimenya hadi vikaisha. Wifi yangu amesamehe, hiyo ni haki yake. Mimi nilikula, nikaketi mbali.

Sasa mnaniuliza kama nitamsalimu Carol, na kama ni kweli kuna jambo alilosema kuhusu marehemu Wathome nilipokuwa nikitoka dukani mwake. Alisema. Ndiyo maana niliketi mbali. Sitaliandika, na msiniulize tena.