Vipimo vya Watu Wasio na la Kuficha

Fundi wa ghorofa ya kwanza hakuwa akimpima mtu mbele ya mtu. Mteja akija na dada yake, dada alibaki kwenye kiti karibu na mlango. Akija na mume, mume alitumwa dukani kutafuta uzi wa rangi ambayo fundi mwenyewe alijua haipo. Nyuma ya pazia lililokata chumba chake katikati, alimzungushia mteja futi kiunoni huku akilalamikia bei ya vifungo, na kipimo hakukitamka hata siku moja. Alichukua ukanda wa kitambaa chakavu, akakata kijino pale kiuno kilipoishia, kingine pale kifua kilipoishia, akaukunja, yakaisha.

Ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi uliotoka kunolewa, na uliwakata majirani, wauza vitambaa, wenye nyumba na wanasiasa bila ubaguzi. Mteja tu ndiye haukumgusa. Mwanamke aliyenenepa kwa huzuni, aliyekonda kwa mapenzi, aliyeomba mshono uachiwe kidogo tumboni kabla hajamwambia hata mumewe, wote walipita nyuma ya pazia lile wakatoka na siri zao kama walivyoingia nazo. Fundi hakuona kwamba anafanya jambo la ajabu. Kwake hiyo ilikuwa sehemu ya ushonaji, kama kupiga pasi.

Kisha mtungi wa gesi ukaibwa.

Ulikuwa wa mwenyekiti wa wapangaji, aliyeuacha ngazini kwa sababu mkewe alisema unaharibu sura ya jiko. Bwana huyu aliuza bima, yaani aliishi kwa kuwatisha watu kwa upole, na kila ujumbe aliotuma kwenye kundi la simu la jengo ulianza na neno "Tahadhari!" Tahadhari, mvua inakuja. Tahadhari, kuna paka mgeni. Ndiyo maana watu walimwita Tahadhari, naye akalichukua kama cheo. Sasa, mtu mwenye akili akiibiwa mtungi alioutupa ngazini, hununua mwingine akauweka ndani. Tahadhari aliitisha kikao na kutangaza kwamba jamii imeoza.

Kamera zikaja. Moja langoni, moja ngazini, na moja katika kila korido. Ile ya ghorofa ya kwanza ilitazama mlango wa fundi moja kwa moja, si kwa sababu fundi alishukiwa, bali kwa sababu hapo palikuwa na msumari tayari. Picha zake zilionekana kwenye simu ya kila mpangaji, maana usalama ni wa wote. Ili asiwepo atakayesahau neno la siri, Tahadhari aliliandika kwa wino mwekundu akalibandika langoni, upande wa nje. Muuza mkate alilijua. Waliokuja kusoma mita za maji walilijua. Kama mwizi wa mtungi alikuwa anajua kusoma, naye alilijua.

Ungedhani watu walioibiwa wangelitazama lango. Lakini lango linachosha. Watu wanaingia, wanatoka, basi. Kilichonoga kilikuwa korido. Mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya tatu, mtu mzima mwenye mvi, alikula chakula cha mchana akitazama milango ya wenzake. Na mlango wa fundi ulikuwa na wageni kuliko yote.

"Yule wa ghorofa ya nne kaingia kwa fundi tena. Wiki hii mara ya pili."

"Ananenepa huyo. Hamjaona?"

"Au kuna habari njema?"

"Mumewe yuko safari tangu lini? Nauliza tu!"

Yule wa ghorofa ya nne hakurudi tena kuchukua nguo yake. Baada yake wakapotea wengine. Hawakugombana na fundi, hawakuaga. Walianza tu kushonesha mtaa wa pili kwa fundi aliyewapindishia mikono ya nguo, alimradi mlango wake hauonekani kwenye simu ya mtu.

Aliyebaki ni nesi wa ghorofa ya pili. Alikuwa mjane, mume wake alifariki binti yao akiwa bado shule ya msingi, na sasa binti alikuwa chuo. Nesi alikuwa anashonewa gauni la harusi. Halikuwa jeupe, lilikuwa la rangi ya maziwa, na lasi kidogo shingoni. Harusi yenyewe ingekuwa ya watu wachache, na bwana harusi alikuwa mfamasia mpole asiyejua hata kupandisha sauti. Aliyelijua gauni hilo alikuwa fundi peke yake.

Siku moja akitoka kujaribu nguo, ncha ya lasi ilichungulia mdomoni mwa mfuko. Kabla nesi hajafika kwake, kundi lilikuwa limeshaamka.

"Nesi ana lasi!"

"Lasi ya nini, ya kufungia vidonda?"

Kisha akaandika shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeishi ghorofa ya juu yake na kujiona mrithi wa mamlaka ya kaka yake ingawa hakurithi hata bidii yake: "Shemeji, una sherehe gani ambayo sisi wa familia hatujaambiwa?"

Nesi alirudi kwa fundi, simu mkononi.

"Fundi, mwanangu anakuja Jumamosi. Nimengoja aje nimwambie ana kwa ana. Mambo haya hayasemwi kwenye simu."

"Mwambie basi."

"Nitamwambia. Ila akiyasikia kwa hawa kabla yangu, hatanisamehe. Namjua. Baba yake alimficha ugonjwa wake, akaja kuambiwa na majirani. Mpaka leo analisema."

Fundi alipanda kwa Tahadhari. Alimkuta mlangoni kwake, amevaa suruali ya kulalia, anatazama lango kwenye simu huku lango lenyewe liko chini ya dirisha lake.

"Mwenyekiti, igeuzeni ile kamera yangu. Itazame ukuta, itazame mbingu, mtakavyo. Wateja wangu wanakimbia."

"Fundi, mama yangu," akasema Tahadhari kwa ile sauti ya kuuza bima, "asiye na la kuficha haogopi. Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

"Na anayeuanika korido anazaa nini?"

"Usiwe mkali. Jumamosi tuna kikao. Nitaliweka jambo lako mbele ya wote. Uwazi!"

"Mimi nimekuomba faragha, wewe unanipa kikao."

"Ndiyo demokrasia hiyo."

Jumamosi binti alifika mchana, na kabla hajavua viatu, baba yake mdogo alikuwa ameshakaa sebuleni kwao "kumsalimia mtoto". Alimsalimia kwa saa nzima. Aliomba chai, akaomba nyingine. Nesi kila akifungua mdomo, shemeji alikuwa ameshaujaza wake. Mpaka saa ya kikao wakashuka wote watatu uani, nesi uso umemkauka, binti akiwa hajui lolote, na shemeji akitabasamu kama mtu aliyeficha karanga mfukoni.

Walikaa kwenye viti vya plastiki. Tahadhari alifungua kwa hotuba kuhusu dunia ya leo, akasema mtungi haujapatikana lakini mwamko umepatikana. Watu wakapiga makofi. Kisha shemeji akanyanyua mkono.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, na hilo likawa uongo wake wa kwanza. "Tunaishi humu kama familia moja. Lakini kuna watu wanaingia kwa fundi mikono mitupu wanatoka na mifuko. Sisemi mtu. Shemeji yangu yuko hapa, na binti yake yuko hapa, ni vizuri asikie. Hebu shemeji asimame atuambie ile lasi…"

"Kaa chini," alisema fundi.

"Sijamaliza."

"Utamaliza. Jambo langu liko mbele kwenye ajenda, mwenyekiti ni shahidi. Kaa." Alikuwa ameshasimama, futi ikining'inia shingoni. "Mwenyekiti, kile ulichoniambia mlangoni kwako, kirudie na wenzako wasikie. Asiye na la kuficha?"

"Haogopi!" alisema Tahadhari kwa fahari.

"Safi. Njoo hapa katikati. Inua mikono."

Hesabu ya fundi ilikuwa rahisi. Miaka yote alikuwa ameona watu wakivuta tumbo ndani hata mbele ya kioo, wakinong'ona hata mahali ambapo hapana wa kuwasikia. Aliamini kwamba mtu akipimwa hadharani ataona aibu, na akiona aibu ataelewa pazia ni la nini. Tahadhari atakataa, watu watacheka, na kamera itageuzwa kabla shemeji hajapata nafasi ya kuuliza. Alimzungushia futi tumboni, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akasoma kwa sauti.

"Inchi arobaini na sita!"

Fundi akangoja aibu ije.

Haikuja. Tahadhari alilitazama tumbo lake, akalipiga kofi la mapenzi, akacheka. "Arobaini na sita! Mmesikia? Hiyo ndiyo afya! Nani anapiga picha? Piga, piga, niweke kwenye kundi!"

"Na mimi!" akasema mwalimu wa hesabu, akivua koti. "Mimi najua ni chini ya hapo. Fundi, sema kwa nguvu wasikie."

Mkewe Tahadhari akaja, akataka nyonga kwanza. Muuza viatu wa ghorofa ya chini akakunja suruali apimwe mashavu ya miguu, ambayo hakuna aliyemuuliza. Foleni ikajipanga yenyewe, ndefu, ya furaha, simu zote juu. Waliokuwa wamepimwa walisimama kando wakirushiana namba zao. Fundi aliinua mikono ya mmoja baada ya mwingine, akiita inchi kama kondakta anayeita vituo, na moyoni alihisi kitu kibaya kuliko kushindwa. Miaka yote hiyo aliwasitiri watu hawa. Kumbe alikuwa anafunika sufuria tupu!

"Fundi, kifua changu," alisema shemeji. Swali la lasi lilikuwa limemtoka kichwani kama maji kwenye ungo. Kilichobaki humo ni kwamba kifua cha Tahadhari kilikuwa kimetangazwa inchi arobaini na nne.

Ni hapo, akimzungushia futi, fundi alipotazama juu ya bega lake akamwona nesi. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya viti, mikono ameifunga kifuani, mtu pekee ambaye hakuwa kwenye foleni. Macho yao yalikutana. Nesi akamshika binti yake kifundo cha mkono, akamnong'oneza neno, wakaingia mlango wa ngazi.

Hakuna aliyegeuka. Kamera ya ngazi iliwaona, ya korido iliwaona. Lakini hakukuwa na jicho nyuma ya kamera yoyote, maana macho yote yalikuwa uani yanajitazama.

"Arobaini na moja," fundi alisema.

"Uongo!" alisema shemeji. "Rudia."

"Vuta pumzi basi."

"Nimevuta."

"Vuta ya ukoo mzima, mbona unavuta ya mtu mmoja?" Watu wakacheka. Fundi alirudia, pole pole, akaikunjua futi, akaikagua kama imechakaa, akarudia tena. "Arobaini na moja na nusu. Ila wewe una shingo. Hii shingo si ya kawaida, nani mwingine ana shingo?"

Wakajitokeza wenye shingo. Baada ya shingo alipima viganja, na baada ya viganja akagundua kwamba watu wazima, wenye kazi na wajukuu, wanaweza kugombania unene wa kidole gumba. Aliwapa walichotaka. Aliwadharau mmoja mmoja, kwa inchi, na kila mmoja akamshukuru. Mpaka giza lilipoanza kuingia, kikao kilikuwa hakijaamua lolote, kamera ilikuwa bado pale pale, na shemeji alikuwa anamtafuta mwenyekiti apingane naye kuhusu mabega.

Fundi alipanda kwake, akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Mlango ukagongwa. Alikuwa binti wa nesi, macho yamevimba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama kaniambia."

"Kakuambia nini?"

"Si unajua."

"Mimi najua kushona."

Binti akamtazama, kidogo acheke, kidogo alie. "Sijasema nimependa. Nimemwambia nataka kufikiri. Lakini kaniambia mwenyewe." Akajipangusa pua. "Nionyeshe hilo gauni."

"Gauni lipi?"

"La mama, fundi!"

"Nguo ya mteja haionyeshwi."

"Mimi ni mtoto wake!"

"Hata ungekuwa mama yake mzazi."

Binti alisimama pale akivimba kwa hasira, kisha akageuka akapanda ngazi kwa kishindo. Simu ya fundi ilitikisika mezani. *Tahadhari! Binti wa nesi katoka kwa fundi analia. Kulikoni?* Chini yake mwalimu alikuwa ameweka picha ya kiuno chake.

Mlango ukagongwa tena. Safari hii walikuwa wawili, nesi na binti yake, na binti alikuwa bado amenuna, ila alikuwa amemshika mama yake mkono. Fundi aliwaingiza, akasukuma komeo.

"Mtoto anataka kuliona," alisema nesi.

"Na wewe unataka alione?"

Nesi alimtazama binti yake kwanza.

"Nataka."

Ndipo fundi alipolitoa.