Mtoto Mwenye Adabu

Ningejua, asubuhi ile ningemwambia mtoto awe mtukutu. Ningemwambia alie, ajitupe chini, akatae kumpa baba yake mkono. Badala yake, tukiwa kwenye mtumbwi tunavuka mto kutoka mtaani kwetu Lubunga, nilimfunga kitambaa vizuri kichwani na kumwambia, "Ukifika, usalimie papa yako na mikono mbili. Usituletee haya kwa watu wa tribunal."

Akaitika, "Ndiyo, mama."

Mimi si mama yake. Mama yake alikuwa dada yangu mkubwa, naye alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Baba yake, mchuuzi wa mchele anayekwenda na kurudi njia ya Bengamisa, alioa mwingine kabla machozi yetu hayajakauka. Mtoto alipofika miaka sita alidokoa kipande cha makayabu, samaki wa chumvi, na mke wa baba akamshika mkono akaubandika kwenye sufuria iliyokuwa motoni. Kiganja chote. Baba alikuwa pale pale. Hili sikulisikia kwa watu, aliniambia mwenyewe siku jirani alipompeleka mtoto polisi: "Nilikuwa nakula, shemeji. Ningefanya nini?"

Jaji wa watoto akamweka kwetu kwa muda, mpaka kesi isikilizwe. Muda huo ukawa miaka miwili. Mama yangu, ambaye mtoto alimwita koko, ndiye aliyemlea hasa. Sisi ni watu wa zile familia za zamani za Kiislamu za mji huu, na nyumbani kwa mama yangu mtoto hapiti mbele ya mkubwa akiwa amesimama wima. Anainama kidogo, anatoa mikono miwili, anashusha macho, habishi. Mama alikuwa mkali, na mtoto alijifunza upesi ajabu. Leo nafikiri alijifunza upesi kwa sababu ya woga. Mtu aliyeunguzwa kwa ajili ya samaki atajifunza chochote utakacho. Lakini wakati ule tulisema ni adabu, na tukajivunia mtaa mzima.

Kabla ya kesi kuna kikao wanachokiita reunion ya maandalizi. Assistant social, yaani afisa wa ustawi wa jamii, anakalisha pande mbili pamoja, anasikiliza, anaandika karatasi ya kumpelekea jaji. Mimi nilidhani ni mahali pa kuzungumza tu, kwamba kesi yenyewe itakuja baadaye, mbele ya jaji, na huko ndiko nitakakotoa maneno yangu yote. Ujinga wangu huo nitakufa nao.

Assistant social alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, na upole wake ndio unaoniudhi mpaka leo. Ningependa awe mtu mbaya. Pembeni yake karani alikuwa na kompyuta. Baba wa mtoto alikuja na kaka yake mkubwa, shati limepigwa pasi, mkononi chupa ya fanta.

Mtoto akaingia, akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Akainama, akatoa mikono miwili. "Bonjour, papa." Akapokea fanta kwa mikono miwili, akashukuru, akaketi alipoonyeshwa, ubavuni kwa baba. Nikamtazama mama yangu, naye akanitazama, na Mungu atusamehe, tulifurahi. Mama aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyesikia somo limesomwa bila kosa. Tuliona tumeshinda.

Karani alikuwa anaandika.

"Unapenda papa yako?" assistant social akauliza.

"Ndiyo."

"Bon. Kama papa anakuita nyumbani, utaenda?"

Niambieni, mtoto aliyelelewa na mama yangu angesema nini, mbele ya baba yake, mbele ya kaka wa baba yake, mbele ya mgeni mwenye miwani?

"Kama papa anasema, nitaenda."

Baba akapangusa macho. Huenda machozi yalikuwa ya kweli. Sitaki kujua.

Mimi nilikuwa naangalia chini ya meza. Mtoto alikuwa ameficha kidole gumba ndani ya ngumi, mkono ule ule wenye kovu. Hufanya hivyo akiogopa. Alifanya hivyo miezi yake ya kwanza kwetu kila mama aliponyanyua sufuria. Nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyeiona na kuijua ishara ile, na nilinyamaza kusubiri zamu yangu, kwa sababu kaka wa baba alikuwa anaongea na hukati maneno ya mkubwa.

Zamu yangu ilipofika, karatasi ilikuwa tayari. Assistant social akaisoma kwa sauti: mtoto alimwendea baba yake kwa hiari, bila woga, na uhusiano wao ni mzuri. Nikasimama.

"Anasalimia watu wote vile! Hata weye amekusalimia vile. Hata karani!"

"Donc munamulea muzuri, mama. Ile njo tumeandika."

"Huyu mutoto anaogopa."

"Mutoto mwenye kuogopa analia, mama. Anajificha. Huyu hakulia."

"Kwetu mutoto halii mbele ya watu!"

Kaka wa baba akasonya. "Munaona? Na huyu njo anasema anafundisha mutoto heshima."

Mama akanivuta kikwembe nilichojifunga. "Ikala. Usipige kelele mu bureau ya watu."

Nikakaa. Wakanisogezea kalamu, nikatia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono wala kunitisha. Nilitia sahihi kwa sababu watu wote walikuwa wananingoja, na kuwangojesha watu ni aibu.

Siku ya kesi, jaji alitumia muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Alisoma karatasi, akaona sahihi ya upande wetu, akauliza kama tuna la kuongeza. Nikaongeza mengi. Akasikiliza huku amekwisha kuandika. Mtoto arudi kwa baba, mke wa baba ameahidi, assistant social atapita kuangalia. Nilimchukia jaji, nikamchukia kijana wa miwani, nikamchukia mama yangu wiki nzima. Kisha chuki ikakosa pa kwenda, ikabaki kwangu.

Baba alikuja kumchukua Jumamosi. Mtoto alikuwa amekwisha kufunga nguo zake. Alimsalimia baba yake kama kawaida, kisha akaanza kutuaga mmoja mmoja, majirani kwanza. Alipofika kwa mama yangu akainama, akatoa mikono miwili. Mama hakuipokea. Alimshika mabega, mwanamke yule ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wageni, akamtikisa.

"Lia! Lia basi, mutoto wangu! Lia, watu waone!"

Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka. Akanigeukia mimi, kuniuliza kwa macho kama inaruhusiwa. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, majirani wanatazama, nami nikamjibu kama nilivyozoea kumjibu.

"Papa anangoja," nikasema.