Ini la Wifi Ndani ya Plastiki

Kabla ya kuajiriwa maabara, Mama Mirija alikuwa akiuza miche ya maua, na mpaka leo anaamini kazi ni ile ile: mwagilia taratibu, usifurikishe. Anachomwagilia sasa ni ini. Ni kipande cha plastiki angavu, upana wa kidole gumba, kimejaa chembe hai za ini na mishipa ya damu myembamba kama unywele, iliyojiotea yenyewe kwa wiki tatu. Badala ya damu, pampu inaisukumia maji ya lishe, tone baada ya tone.

Chembe zilitoka kwa wifi yake. Dawa ya kwanza ilimwachia macho ya manjano, na daktari wake anangoja kuona kama ini litaivumilia ya pili. Vipande vilikuwa vinne. Kimebaki kimoja.

Siku ya jaribio Profesa aliingia na tai mpya, wageni watatu wakimfuata. Chupa ya lishe ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye friji.

"Unganisha, mama. Wageni wana haraka."

"Bado baridi, Profesa. Tungoje nusu saa."

"Mimi nimesoma miaka ishirini na miwili."

"Chupa haijasoma hata siku moja, ndiyo maana haikuogopi."

Mgeni mmoja alikohoa kuficha kicheko. Profesa akanyoosha mkono. Mama Mirija akaikumbatia chupa kifuani kama mtoto mchanga.

Hakuwa mkaidi wa kuzaliwa. Mwaka wake wa kwanza aliunganisha lishe ya baridi. Ilipopata joto ndani ya plastiki ilitoa viputo vya hewa, kama maji yanavyoanza kutoa viputo sufuriani, na kiputo kimoja kikaikwangua mishipa yote ikafa. Profesa aliandika kwenye ripoti "hitilafu ya kifaa". Kifaa hakikukata rufaa.

Basi chupa ikawekwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, wageni wakapewa chai, na Profesa akawaeleza umuhimu wa subira katika sayansi. Kisha lishe yenye dawa ikapita. Hakuna kiputo.

Siku ya tano chembe zilikuwa bado hai. Mama Mirija alimpigia wifi yake.

"Ini langu limesemaje?"

"Limekunywa dawa, halijalalamika. Mlalamishi ni wewe."



"Wifi, hilo la kwenye plastiki haliogopi. Mimi naogopa."

"Najua. Kesho nakuja, tutakunywa pamoja. Wewe dawa, mimi chai. Wala usiharakishe, tutaingoja ipoe."