Kibuki cha Mista Aroni

Juzi mjukuu wangu alikuwa jikoni kwangu anaosha vyombo, simu yake kaisimamisha dirishani inapiga muziki. Mara nikasikia akodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, na klarineti inalia kwa nyuma. Kijiko kikanidondoka. Mtoto ananambia, "Bibi, it's only jazz." Only! Hajui kama muziki huo ulitaka kututoa nyumba.

Kaeni vizuri niwape. Nilikuwa na miaka tisa. Sisi Wahindi wa Unguja. Kikachi, lugha ya wazee wetu, twakijua cha kutukania tu, Kiswahili ndicho cha nyumbani. Tulifika London na Kiswahili hicho, masanduku matatu, na Bibi, mzaa baba. Baba alitafuta chumba miezi. Akipiga simu, kipo. Akifika mlangoni wakamwona rangi, kimeshachukuliwa. Mwisho akapata huku Harrow kwa mzee mmoja Myahudi, fundi wa makoti, kafiwa na mke. Yeye chini, sisi juu. Siku ya kwanza Baba akatuweka kitako: "Tukitolewa hapa hatuna pengine. Midomo hiyo ifungeni."

Mie na mdomo, jamani, hatukupatana tangu utoto! Na Bibi alishuku kila kitu. Maziwa kuachwa nje mlangoni, kashuku: nani aache maziwa njiani asiyatie kitu? Mzee kumvulia kofia asubuhi, kashuku: "Mtu akikuvulia kofia, tazama mkono wa pili kashika nini." Mie nilimwamini kwa yote. Nikawa mpelelezi wake.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mlango wa chini ukagongwa. Akaingia mtu mweusi, mrefu, suti ya kijivu imepigwa pasi, kabeba kisanduku kirefu chembamba. Bibi kamtazama kutoka dirishani mpaka pua ikagusa kioo. "Huyo si wa kwetu. Mwendo ule si wa kwetu." Alikuwa Mmarekani, aliletwa huku na vita, akaoa, akabaki; akiitwa Mista Walta. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Siku ile tulijua kisanduku tu.

Kidogo, sauti ikaanza kupanda kwenye mbao za sakafu. Kwanza kama mtu anasoma dua na kwikwi ya kilio imemshika. Halafu kwikwi ile ile ikaanza kutembea, mara ikatikisa na mabega. Bibi akaacha kutafuna tambuu. "Zule, nenda ukatazame."

Nikashuka kwa matako, ngazi moja moja, nikachungulia upenyo wa mlango, nikarudi mbio.

"Bibi, mzee ana akodiani."

"Ehe."

"Na chupa ya brandi mezani."

"Brandi!"

"Na yule mweusi kafumba macho, jasho linamtoka, kichwa kinakwenda hivi."

"Kapandisha!" Bibi akajipiga paja. "Kibuki hicho!"

Kwa msiojua: kwetu kuna mashetani wanaitwa kibuki, asili yao Bukini, yaani Madagaska, wenyewe mashetani wa kifalme, hawaji kwa chochote. Wanaitwa kwa akodiani, na wakija wanataka brandi. Bibi ushahidi ulimtosha.

"Nyumba ya kibuki silei wajukuu," kamwambia Baba. "Jumamosi tunahama."

"Mama, tunahamia wapi?"

"Popote. Barabarani hakuna kibuki."

Baba akanigeukia. Alinitazama mimi, na macho yale ninayo mpaka leo. Hapo ndipo nikaona ulimi wangu umefanya nini. Sasa nifanye nini? Kusema nimesema uongo siwezi, maana sikusema uongo. Nikakumbuka jambo.

"Lakini Bibi, si anaulizwa kwanza? Jina lake, na anachotaka?"

Maana ndiyo desturi. Shetani akipanda hufukuzwi wewe wala yeye. Anaulizwa jina, anaulizwa haja yake, mnapatana. Bibi kanitazama kwa hasira ya mtu aliyekumbushwa dini yake na mtoto. Kisha akatia ubani kwenye chetezo.

Tukashuka: Bibi mbele na moshi, mie nyuma, Baba nyuma yangu anasema "Mama, tafadhali, Mama." Bibi akabisha kwa ngumi. Muziki ukakatika. Mzee mwenye nyumba, Mista Aroni, akafungua, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilifurahi, nikadhani shetani katuogopa. Nimekuwa mtu mzima ndiyo nikajua kwao alikotoka, Myahudi kugongewa mlango vile hakukuwa na heri.

"Muulize," Bibi akasema. "Jina lako nani, na wataka nini?"

Kiingereza changu kilikuwa cha wiki sita za shule. Nikamuuliza mwenye nyumba, nyumbani mwake, yeye nani na anataka nini.

"Aaron," akasema polepole.

Bibi akarudi hatua. "Harun? Shetani gani ana jina la nabii?" Akafikiri. "Haja yake?"

Mzee akatutazama, akautazama moshi, akamtazama mwenzake. Kisha akasema, kama mtu aliyengoja siku nyingi aulizwe, kwamba anachotaka ni huyu asiukimbize wimbo. Wimbo huu ni sala, babake akiuimba kwenye sinagogi, na huyu anauchezesha. Mista Walta akacheka: "Siuchezeshi, nautembeza. Kanisani kwa mama yangu sala haikai kitako."

Nikamfasiria Bibi nilivyoweza: "Wanagombania sala."

"Na brandi?"

Hilo sikulifasiri.

"Waambie wapige. Nisikie mwenyewe." Akakaa kwenye ngazi, chetezo magotini.

Wakapiga. Mzee akiulilia kwa akodiani, Mista Walta anaupokea kwa klarineti kabla haujaanguka, anauchelewesha, anaupinda, anamrudishia umechangamka. Na mzee huku analalamika, mguu wake unapiga chini. Bibi hakupepesa jicho. Walipokwisha akainuka, akapanda, sisi nyuma, Baba hata pumzi hatoi.

"Hatuhami," akasema. "Tukihama, nani atawaangalia hawa?"

Basi kila Jumapili Bibi akawa ngazini, ngazi ya tatu kutoka chini, anawaangalia. Ukimuuliza, "Nawachunga." Mista Aroni akamwekea mto. Bibi akaushuku ule mto wiki nzima, halafu akaukalia. Miaka minane. Na asikwambie mtu, sikumsikia hata siku moja akisema muziki ule mzuri.

Mista Aroni alifariki kipindi cha baridi. Jumapili iliyofuata Mista Walta alikuja, mazoea, akasimama nje na kisanduku chake, hakubisha, akaondoka. Bibi alikuwa ameshakaa ngazini. Alikaa mpaka saa zao zikapita. Nikamwendea, "Bibi, twende juu, baridi."

"Sasa mimi nimshuku nani?" akasema.

Nikacheka, tena kwa sauti. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikadhani bado tunazungumza habari ya kibuki.