Bi Mkasi Atambaa Nyumbani Kwake

Simu ya binti yake ilipokatika tu, Bi Mkasi aliliacha gauni la mteja kwenye cherehani likiwa na mkono mmoja, akakimbilia uani.

"Mume wangu! Wanakuja kesho! Na Kimbunga ameshaanza kutembea!"

Kimbunga alikuwa mjukuu wao wa kwanza, na Bi Mkasi alikuwa hajamtia machoni ila kwenye picha za simu. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu hakuna jambo lililowahi kumharakisha. Alivua miwani polepole. "Basi tupike."

"Kupika baadaye! Binti yako anasema mtoto akishika kitu, ni mdomoni. Na nyumba hii imesahau watoto."

Akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. Kila kitu kilionekana shwari. Ndipo wazo likamjia: anatazama kwa macho ya mtu mzima! Akapiga magoti, akaanza kutambaa.

"Umeingiwa na nini?" Breki akauliza.

"Shuka huku chini uone!"

Lo! Huko chini kulikuwa na dunia nyingine. Nyuma ya kabati la vyombo kulikuwa na punje za sumu ya panya, nyekundu utadhani peremende. Chini ya sinki ilisimama chupa ya soda iliyojaa mafuta ya taa.

"Nani kaweka hii?"

Breki akakohoa. "Ilikuwa ya muda tu."

Dawa zake za presha nazo zilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, usawa wa pua ya mtoto. Hapo Breki mwenyewe akashuka, magoti yakimlia kama mlango mkavu. Punde wazee hao wakawa wanashindana.

"Dawa ya choo, hii hapa!"

"Mimi nimepata betri ya saa!"

Jirani aliyekuja kuchukua sketi yake akaduwaa mlangoni. "Mmepoteza nini?"

"Tunatafuta sumu!" Bi Mkasi akajibu kwa furaha, na jirani akasema sketi angeifuata siku nyingine.

Kufikia jioni punje zote zilikuwa zimefagiliwa na kutupwa, mafuta yamerudi kwenye dumu lake, na vilivyobaki vimefungiwa kwenye kabati la juu kwa ufunguo.

Kesho yake Kimbunga aliingia, akabusiwa mpaka akachoka, akachoropoka. Alichungulia nyuma ya kabati la vyombo: pasafi. Akachungulia chini ya sinki: patupu. Bi Mkasi akamkonyeza mumewe.

Kisha kukawa kimya. Bi Mkasi aliyelea watatu aliujua ukimya wa namna hiyo. Akageuka. Kimbunga ameketi kando ya mkoba wa mama yake, zipu wazi, pakiti ya tembe za rangi ya waridi iko njiani kwenda mdomoni. Bibi aliruka kiti na mwili wake wote, akaipokonya. Wakahesabu tembe moja moja. Zote zilikuwepo.

"Mama," binti akasema, machozi yakimlengalenga, "mkoba sikuufikiria kabisa."

"Hata mimi, mwanangu. Tulisaka vyetu, tukasahau vinavyoingia na wageni."

Mkoba ukatundikwa juu msumarini. Kimbunga akaangua kilio cha kudhulumiwa, hadi babu yake alipomkabidhi sufuria na mwiko. Akapiga ngoma ile kwa nguvu zake zote, na Bi Mkasi, moyo ukimdunda bado, akaanza kucheza.