Mwaka Ardhi Ilipopinda

Nyumba yetu ya mtaa wa Hai Mauna, Juba, ilinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kilicholowa mvua. Mama alikuwa fundi wa kushona, Mganda aliyekuja Juba akiwa na cherehani moja na mimi mgongoni, na chumba cha mbele cha mabati ndicho kilichokuwa karakana yake. Mbali na sare za shule alitarizi milaya, yale mashuka meupe yenye maua na ndege ambayo wanawake wa Juba huyatandika wageni wanapotarajiwa. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kumtilia uzi kwenye sindano, kwa sababu yeye hakuliona tena tundu lake. Niliisogeza sindano hadi karibu na pua, uzi ukapita mara moja, na wateja wakanisifu kwa macho makali. Hakuna aliyejiuliza kwa nini pua ilikuwa karibu hivyo. Hata mimi sikujiuliza. Dunia niliyoiona vizuri iliishia kwenye kiwiko changu. Zaidi ya hapo kulikuwa na rangi tu. Miti ilikuwa madoa ya kijani, watu vivuli vinavyotembea, na mvua ikinyesha taa za pikipiki zilivimba zikawa duara kubwa zenye manyoya pembeni. Nilidhani kila mtu anaona hivyo.

Shuleni niliishi kwa msaada wa Poni, msichana niliyekaa naye dawati moja. Mwalimu aliandika ubaoni, Poni akanakili, nami nikanakili kutoka kwa Poni. Mvua zilipoanza mwaka ule, familia yake ilihama mji, na nikabaki peke yangu mbele ya ubao ambao kwangu ulikuwa mweusi mtupu. Nilikunja macho mpaka paji la uso likauma. Kufikia saa sita mchana maumivu yalikuwa yameshuka nyuma ya macho, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu mwenye homa. Siku ya mtihani maswali yaliandikwa ubaoni. Niliinamia karatasi ya msichana wa dawati la pili ili nijue tu tumeulizwa nini. Mwalimu Nekesa, Mkenya aliyetufundisha hesabu, alinikuta hivyo, akaichana karatasi yangu na kumwita mama. Mama aliambiwa kwamba nikirudia nitafukuzwa. Hakunipiga. Alikaa siku mbili bila kunisemesha, na kwa mwanamke aliyezoea kuongea hata na cherehani yake, kipigo kingekuwa afadhali.

Wiki iliyofuata Mwalimu Nekesa alinibakiza darasani wenzangu walipotoka, ili nirudie mtihani peke yangu. Aliniambia nisome mstari wa kwanza ubaoni. Nikamwuliza upo wapi. Alidhani namfanyia jeuri, nikaona kivuli chake kikija kwa haraka, kisha kikasimama. Nadhani aliiona karatasi yangu ilivyokuwa karibu na uso. Alivua miwani yake akanivisha. Haikuwa na nguvu ya kunitosha, lakini kwenye ule weusi nikaona michirizi myeupe, kama nyuzi zilizoanguka juu ya kitambaa cheusi. Nilimwuliza kama michirizi ile imekuwapo siku zote. Aliichukua miwani yake. Alikaa kwenye dawati la mbele, na hakuniomba radhi, si siku ile wala baadaye. Jioni hiyohiyo alikuja nyumbani.

Mama alimsikiliza huku akiendelea kukanyaga cherehani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Uganda. Hiki ninachoandika mimi nilikipata baadaye, sekondari, nchini Kenya.

“Mwalimu, macho ya huyu mtoto iko sawa,” alisema. “Yeye ndiye natia uzi kwa sindano yangu.”

Mwalimu hakubishana. Alimwomba mama avuke barabara, asimame chini ya rakuba, kile kibanda cha makuti ambapo jirani aliuzia chai. Kisha akaniita mlangoni.

“Yule aliyesimama pale ni nani?”

Nikatazama. “Ni mwanamke.”

“Mwanamke gani?”

“Simjui.”

Mama alirudi, na mwalimu akamweleza nilichojibu. Alizima taa ya cherehani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazi ikiwa haijaisha, akaenda nyuma ya nyumba kunawa uso.

Kliniki tuliyokwenda haikuwa na lenzi za nguvu niliyoihitaji. Ziliagizwa Kampala zikaja kwa ndege zikiwa tayari kwenye fremu, na mama na mimi tulikwenda kuzichukua kwenye ofisi ya mizigo, uwanja wa ndege. Nilivaa miwani tukiwa bado barazani. Kila kitu kilisinyaa. Watu walikuwa wadogo na wenye kingo kali, kana kwamba wamechongwa kwa wembe. Nguzo za mlango zilipinda pembeni, na ardhi ilikuwa imeinuka pande zote hivi kwamba nilisimama kama katikati ya bakuli. Kila nilipogeuza kichwa, dunia iliogelea kidogo kabla ya kutulia. Hatukufika mbali. Niliuruka mfereji uliokuwa mahali pengine kabisa, nikaangukia ndani, nikachubuka goti, kisha nikatapika. Mama alinivua miwani, akaifunga kwenye kipande cha kitambaa.

“Kalas,” alisema kwa Kiarabu cha Juba. Basi, imetosha.

Miwani ilikaa kwenye droo karibu wiki mbili, na majirani walimuunga mkono: miwani, walisema, hula macho. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kwamba majani ya mti hutengana. Mama alipokuwa na wateja niliichukua, nikaenda nyuma ya nyumba kujifunza kutembea, mkono mmoja ukiwa kwenye ua wa mabati. Macho yaliwaka, yakatoa machozi. Polepole niligundua kwamba ni katikati ya kioo tu ambako mistari hunyooka, na kwamba nikitaka kutazama kando nigeuze kichwa kizima wala si macho. Siku moja nilipoinua uso, mama alikuwa upande wa pili wa uwanja anaanika mashuka, hajui kama nipo. Sikuwahi kuuona uso wake kutoka mbali. Niliujua ule wa karibu, ambao alikuwa amekwisha kuutengeneza kwa ajili yangu. Huu mwingine ulikuwa umelegea mashavuni. Aligeuka akanikuta.

“Unaona nini?”

“Nakuona wewe.”

“Niko namna gani?”

“Umechoka, mama.”

Alicheka kidogo, akashika kitambaa kingine. Kesho yake niliivaa miwani kwenda shule, naye hakunizuia.

Siku hizi ninafanya kazi ya kupokea nyaraka za mizigo, na ninakaa mbele ya kompyuta kutwa. Lenzi zangu ni nzito kuliko zile. Milango bado inapinda pembeni mwa macho, ila lazima nikumbuke ndipo niione imepinda, na macho yakichoka ninayafumba dakika chache kisha naendelea. Daktari ananiambia niende mara moja nikiona cheche za mwanga, kwa kuwa macho kama yangu huweza kuchanika ndani. Watoto wa jirani zangu wanavaa miwani na hakuna anayewashangaa. Kwa jumla nimepata zaidi ya nilichopoteza, na nilikuwa nimeridhika na hesabu hiyo hadi mwezi uliopita, mama alipokuwa akimenya matoke na kuniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba miaka yangu ya kwanza shuleni alikuwa akisimama mlangoni kila asubuhi, akinipungia mkono nilipofika kona na kugeuka. Sikuwahi kumpungia. Nilimwuliza alifikiri nini.

“Nilifikiri una haraka ya shule,” alisema.