Bati la Kukinga Miguu

Fundi pikipiki wa Bariadi hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya kushika spana alinawa mikono kwa majivu, na kila skrubu aliyoifungua aliipanga juu ya gunia, midomo ikihesabu kwa Kisukuma bila sauti. Asubuhi ile ya mwaka 1957, Nyanjige alimtazama akifungua mabati ya kukinga miguu kwenye pikipiki ya marehemu mumewe, tabibu wa vijijini ambaye homa ilimwangusha nayo kwenye njia ya kijiji cha Sapiwi, asiinuke tena. Pikipiki yenyewe ilikuwa nzima. Bati moja tu lilibonyea na kuchubuka rangi. Salu, shemeji ya Nyanjige aliyeirithi pikipiki, alitaka linyooshwe. Fundi akainua nyundo, kisha akamwona Nyanjige amefumba macho.

“Mayu,” akauliza kwa sauti yake ya chini, akimwita mama kwa Kisukuma, “lilibonyea siku ile?”

“Siku ile.”

Akaiweka nyundo chini. Akamweleza Salu kwamba pikipiki itatembea vizuri bila mabati, ila tope litamrukia miguuni. Salu akamtazama shemeji yake.

“Linirukie tu,” akasema.

Fundi akalipangusa bati vumbi, bila kugusa pale palipobonyea, akampa Nyanjige kwa mikono miwili.